SOMO LA ROBO HII: Fundi Saa Aliyeandika Alichojua

Fundi mzee anapofariki, watoto hugawana tupa, koleo na bisibisi zake. Ujuzi hawagawani, maana ulikuwa mikononi mwake na amekwenda nao. Ndugu msomaji, somo letu linamhusu fundi saa wa Uingereza ambaye hakutaka iwe hivyo kwake.

Alikotoka

George Daniels alizaliwa mwaka 1926 na kukulia London katika familia maskini. Aliacha shule akiwa na miaka 14, akafanya kazi katika kiwanda cha magodoro. Akiwa jeshini aliwatengenezea wenzake saa zilizoharibika. Alipotoka mwaka 1947 aliifanya kazi hiyo kuwa riziki yake, na jioni alihudhuria masomo ya ufundi saa. Baadaye alikarabati saa za mafundi wakubwa wa kale, hasa Abraham-Louis Breguet, na kila aliyoifungua ilimfundisha jambo.

Zamani huko Uingereza saa moja ilipita mikono mingi. Huyu alikata magurudumu, yule alitengeneza kasha, mwingine aliandika namba za uso wa saa. Kila mmoja alijua sehemu yake tu, na biashara hiyo ilipodidimia ujuzi ulitawanyika. Daniels alijifunza kazi hizo moja moja hadi akaweza kutengeneza karibu kila kipande mwenyewe. Saa yake ya kwanza aliimaliza mwaka 1969. Desemba ya mwaka huo huo kampuni ya Seiko ya Japani ilianza kuuza saa ya mkono ya kwazi, inayotumia betri, na katika miaka iliyofuata maelfu ya mafundi wa Uswisi walipoteza kazi. Wengi walidhani saa ya springi imefikia mwisho.

Tatizo la mafuta

Saa ya kutia ufunguo ina springi iliyokunjwa, nayo hutaka kufunguka yote kwa mara moja. Kinachoizuia ni kifaa kidogo kinachoruhusu gurudumu kusogea jino moja moja; mlio wa tik-tik tunaousikia ni kazi yake. Katika saa nyingi meno hayo huteleza juu ya vijiwe vigumu, kwa hiyo lazima yawekwe mafuta. Mafuta huzeeka na kuwa mazito, na mwendo wa saa huharibika. Ndiyo maana saa ya springi iliyopoteza majira mara nyingi haihitaji kipuri kipya. Inahitaji kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa mafuta mapya.

Katika miaka ya 1970 Daniels alibuni kifaa ambacho meno yake husukuma badala ya kuteleza sana, hivyo hakitegemei mafuta kama kile cha zamani. Alizunguka nacho kwa kampuni za Uswisi kwa miaka mingi bila mafanikio. Mwaka 1999 Omega ilianza kuuza saa zenye kifaa hicho.

Kitabu na kijana

Mwaka 1981 Daniels alitoa kitabu kiitwacho Watchmaking. Humo alieleza kwa maneno, michoro na picha jinsi mtu mmoja anavyoweza kutengeneza saa nzima. Mpenda saa yeyote, hata asiye na mwalimu, aliweza kukinunua na kuanza.

Roger Smith, kijana aliyesomea ufundi saa Manchester, alikifuata ukurasa kwa ukurasa. Baada ya mwaka mmoja na nusu alimpelekea Daniels saa ya mfukoni aliyoitengeneza. Daniels aliitazama, akasema inaonekana imetengenezwa kwa mkono. Kwetu hiyo ingekuwa sifa. Kwake ilikuwa kasoro, kwa kuwa saa njema haionyeshi tupa ilipopita. Akamwambia aanze upya.

Smith alitumia takriban miaka mitano kwenye saa ya pili, akirudia vipande alivyoona havitoshi. Mwaka 1997 alirudi. Daniels alimwuliza, kipande baada ya kipande, ni nani aliyekitengeneza, na kila mara Smith alijibu kuwa ni yeye. Hapo ndipo mzee alipomtambua kuwa fundi saa. Mwaka uliofuata Smith alihamia kisiwani Isle of Man kufanya kazi naye, na baadaye akafungua karakana yake huko.

Daniels alifariki mwaka 2011. Mwaka 2012 saa alizoziacha zilipigwa mnada London, na fedha zikaenda kwenye mfuko wa elimu wenye jina lake, kwa ajili ya wanafunzi wa ufundi saa na fani nyingine.

Tunajifunza nini?

1. Ujuzi ulioandikwa huwafikia hata watu ambao fundi hajawahi kuwaona.
2. Kitabu peke yake hakikutosha. Ilihitajika pia siku ya kuketi na mwenye jicho kali.
3. Kukataa kazi isiyofikia kiwango si kumkataa mwanafunzi, mradi mlango unabaki wazi.
4. Fundi hapatikani kwa semina ya siku tatu. Anayefadhili mafunzo apange miaka.

Maswali ya kujadili katika kamati

- Ni fundi gani mzee kwetu ambaye ujuzi wake haujaandikwa wala kurithishwa?
- Nani ataketi naye, na kwa muda gani?
- Je, tungemwambia nini Smith siku ile saa yake ya kwanza ilipokataliwa?