SOMO LETU: KUANDIKA MCHANGO WA KUMTIBU MBWA

Somo la leo ni juu ya kuandika maombi ya mchango na kuweka hesabu yake. Michango tunaijua sote. Tunachangia harusi, tunachangia msiba, tunachangia darasa la shule. Leo tutatumia mfano ambao baadhi yenu mtaucheka: mchango wa kumpasua mbwa aliyeokotwa. Nimeuchagua kwa makusudi. Kwenye msiba watu hutoa bila kuuliza sana. Kwa mbwa watauliza kila shilingi, kwa hiyo maandishi yenu lazima yawe na majibu.

Kwanza tusome habari ya kweli. Katika mji wa Zamboanga, kusini mwa nchi ya Ufilipino, huko Asia, alikuwako mbwa jike aitwaye Kabang. Aliokotwa akiwa mtoto, akalelewa katika nyumba ya watu wa kipato kidogo. Mwezi wa Desemba 2011, wasichana wawili wa familia hiyo walikuwa wakivuka barabara. Pikipiki ikaja mbio. Kabang akaruka mbele yake. Wasichana wakapona. Yeye alinaswa na gurudumu, pua yote na taya la juu vikang'oka.

Mbwa hakufa, lakini uso wake ulibaki kidonda wazi. Madaktari wa mifugo wa hapo walimtibu kwa dawa, ila upasuaji mkubwa kama ule ulikuwa juu ya uwezo wao. Habari zikaenea. Muuguzi mmoja wa Marekani akaanza kukusanya fedha ili mbwa apelekwe kwao kupasuliwa. Watu wa nchi zaidi ya 40 wakatoa, wengi wao kidogo kidogo, ikapatikana zaidi ya dola 20,000. Mwezi wa Oktoba 2012 Kabang akasafirishwa kwa ndege, pamoja na daktari wa mifugo wa Zamboanga, hadi hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha California, katika mji wa Davis.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye somo. Madaktari wa Davis walipompima walikuta mambo ambayo wachangiaji hawakuyatarajia. Alikuwa na kansa ya namna ambayo mbwa huambukizana wakipandana. Alikuwa pia na minyoo ya moyo, ambayo huletwa na mbu. Ilibidi magonjwa hayo yatibiwe kwanza, na ikachukua miezi. Kidonda kilikuja kushughulikiwa mwezi wa Machi 2013. Na tena, pua mpya hakupewa! Haikuwezekana kuitengeneza. Madaktari walifunga kidonda na kuweka njia nzuri za kupitisha pumzi. Mwezi wa Juni 2013 akarudi kwao, akapokewa mjini kwa shangwe. Aliishi hadi mwaka 2021.

Nilipoisoma habari hii darasani, mzee mmoja aliniuliza: "Mwalimu, watu wanakosa panadoli, mbwa anapanda ndege?" Swali la haki. Mimi sisemi mbwa ni sawa na mtu. Lakini fedha ile haikutolewa katika dawa za zahanati ya mtu yeyote. Kila aliyetoa alitoa yake, kwa hiari yake, akijua inakwenda kwa mbwa. Ubaya ungekuwa kuwaficha. Wachangiaji waliombwa fedha kwa ajili ya uso, halafu fedha na muda vikahitajika kwa kansa na minyoo. Wasingeelezwa, wangesema wameibiwa, hata kama kila senti ilikwenda kwenye matibabu.

Haya, turudi kijijini kwetu. Tuseme mbwa ameokotwa kando ya mto, mguu wa nyuma umenaswa na mtego wa waya hadi umeoza. Msikimbilie kukusanya fedha. Mwiteni kwanza daktari wa mifugo amwone, naye aseme mambo mawili: kazi yote itagharimu kiasi gani, na mbwa atabaki katika hali gani. Wengi husahau hilo la pili. Mguu uliooza hukatwa, haurudi. Mbwa wa miguu mitatu huweza kutembea, kukimbia na kulinda nyumba, lakini aliyechangia akidhani ataona miguu minne atakasirika. Ulizeni pia bei ya kila kitu mbali mbali: kumpima, nusu kaputi (yaani dawa ya kumlaza usingizi asisikie maumivu), kazi yenyewe, dawa za baadaye, bandeji na nauli. Mtu akisema tu "laki moja", hamjui ndani yake mna nini.

Jambo moja la hatari nisilipite. Mbwa wa kuokotwa hamjui kama amechanjwa, na mnyama mwenye maumivu huuma hata anayemsaidia. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, kupona ni nadra sana. Watoto wakae mbali. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akachanjwe.

Baada ya hapo mwoneni mwenyekiti wa kijiji, apate habari. Halafu ndipo mwandike. Barua iwe fupi. Someni hii:

"Ndugu wanakijiji. Mbwa aliyeokotwa mtoni tarehe 3 Mei ana mguu uliooza kwa mtego wa waya. Daktari wa mifugo amemwona na kusema mguu ukatwe. Gharama yote ni shilingi 100,000. Mbwa anaweza kupona na kutembea kwa miguu mitatu. Anaweza pia kufa akipasuliwa, na fedha iliyokwisha kutumika haitarudi. Daktari akikuta ugonjwa mwingine, tutawaeleza kabla ya kuomba tena. Fedha ikizidi, itachanja mbwa wengine wa kijiji. Fedha inapokewa na mtunza hazina wa kikundi chetu, na daftari liko wazi kwa kila mtu. Mwisho wa kupokea ni tarehe 6 Mei, kwa sababu kidonda hakingoji."

Mmeona? Kifo kimetajwa mapema. Wengine wataona kwamba kutaja kifo kunawafukuza watoaji. Huenda wawili watatu wataondoka. Lakini mbwa akifa na hamkuandika, mtaambiwa mmekula fedha, na hapo hata mchango wa darasa la shule hautapatikana.

Daftari ligaweni kurasa mbili. Ukurasa wa kushoto ni wa mapato: tarehe, jina, kiasi, na sahihi ya aliyetoa au dole gumba lake. Wa kulia ni wa matumizi: tarehe, kitu kilicholipiwa, kiasi, namba ya stakabadhi. Aliyetoa shilingi 500 aandikwe kama aliyetoa 10,000. Aliyetuma kwa simu aandikwe vile vile, na ujumbe wa simu usifutwe. Atunzaye fedha asiwe ndiye aandikaye daftari. Hii si kumshuku mtu, ni kumlinda yeye mwenyewe.

ZOEZI. Chukueni daftari mwandike hesabu hii. Bei zake ni za kujifunzia tu. Kaya 20 zimetoa shilingi 4,000 kila moja. Walimu wametoa 15,000 kwa pamoja. Wafugaji wawili wametoa 10,000 kila mmoja. Kumpima mbwa kumegharimu 10,000, nusu kaputi na kukata mguu 60,000, dawa na bandeji 18,000, nauli 12,000. Je, mapato yote ni kiasi gani? Matumizi je? Kumebaki nini, na kwa barua yetu baki hiyo ni ya kazi gani?

Mkimaliza, andikeni taarifa ya mistari sita ya kubandika ofisi ya kijiji. Mistari mitatu iwe ya fedha, na mitatu ielezee hali ya mbwa. Wale wanaosoma kwa kikundi, mmoja awe mwanakijiji aliyetoa 4,000 na haoni jina lake daftarini. Mjibuni kwa kumfungulia ukurasa na kuutafuta pamoja naye.