Moyo Unalishwaje? Somo la Barabara ya Zhanqian

Jumamosi moja nilimsindikiza mzee wetu, mfanyabiashara wa Dar, kununua nguo barabara ya Zhanqian, karibu na stesheni ya reli ya Guangzhou. Kupandisha robota ngazini, akasimama, mkono kifuani. "Kijana wangu, kifua kinabana." Akakaa, dakika tatu kikaachia. "Haya twende, ni uchovu tu." Nikakataa. Kwa nini?

Msuli wa moyo haulishwi na damu iliyojaa vyumbani mwake, bali na ateri za korona. Hata ukipumzika, huchukua asilimia 70 hivi ya oksijeni inayopita. Kazi ikizidi, basi, lazima damu yenyewe iongezeke, hata mara 4. Msuli ukipungukiwa hutoa adenosini, na vimishipa vidogo hutanuka. Tena upande wa kushoto hupata damu zaidi moyo unapolegea. Mapigo yakienda mbio, muda huo hupungua.

Sasa ateri ikizibwa na mafuta kwa asilimia 70 hivi, vimishipa vya mbele yake huwa vimeshatanuka hata mtu akiwa amekaa. Ngazini havina pa kutanukia tena. Ndiyo maana maumivu huja na kazi, huondoka na mapumziko.

Jamani, huo si uchovu, ni wa kupelekwa kwa daktari. Na kifua kisipoachia hata mtu akikaa, msianze kubishania bei ya teksi: pigeni 120.

Robota tuliliacha dukani, tukaenda kupima.