Somo Letu: Laini za Ubongo na Sonona Isiyosikia Dawa

Toleo hili nilipaswa kuandika kuhusu kutafuta kazi baada ya digrii, lakini naomba mnivumilie, somo limebadilika. Rafiki yangu aliyeko Houston alinipigia simu saa nane usiku. Ni mwanafunzi, na wikiendi anabeba boksi kama wengi wetu. Akaniambia, "Kaka, dawa ya pili nayo imegoma. Nadhani mimi ndio nimeharibika kabisa."

Nyumbani walishamwambia aache kuwaza sana, asali, ale vizuri. Mimi si daktari, nasoma uhandisi wa umeme, na kazi yangu ni mawimbi na mitandao. Lakini nilienda kusoma, nikaona swali lake liko karibu na fani yangu kuliko nilivyodhani. Haya ndiyo niliyomjibu.

1. Maana yake nini?

Sonona si ile huzuni ya kufeli mtihani. Ni hali inayodumu wiki mbili au zaidi: hamu ya kila kitu inaisha, usingizi unapotea au unazidi, mwili unachoka, mtu anajiona hana thamani. Wataalamu wengi husema haisikii dawa pale mgonjwa anapokuwa ametumia angalau dawa mbili tofauti, kila moja kwa kiwango na muda wa kutosha, bila kupata nafuu ya maana. Angalia hapo: jina linahesabu dawa zilizoshindwa. Halisemi kwamba mgonjwa hatapona.

Na hawa si watu wachache. Utafiti wa STAR*D, ulioongozwa kutoka UT Southwestern hapa Dallas, ulianza kusajili wagonjwa mwaka 2001, wakafika 4,041. Dawa ya kwanza iliwaondolea dalili karibu theluthi moja tu. Ripoti ya mwaka 2006 ilikadiria kwamba baada ya hatua nne za matibabu wangepona asilimia 67. Waliorudia hesabu hizo mwaka 2023 walipata asilimia 35. Kwa vyovyote vile, dawa kugoma ni jambo la kawaida. Rafiki yangu alidhani yuko peke yake.

2. Mashine inaona nini?

Ukilala ndani ya MRI bila kufanya chochote, mashine inaweza kufuatilia mabadiliko ya oksijeni katika damu, kipande kwa kipande cha ubongo. Sehemu mbili zikipanda na kushuka pamoja, tunasema zimeunganika kikazi, hata kama ziko mbalimbali. Fikiria mtaa wa Dar umeme unapokatikakatika. Nyumba mbili taa zake zikizima pamoja na kuwaka pamoja kila mara, unahisi ziko laini moja, ingawa nguzo hujaiona. Hicho ndicho kinachopimwa. Waya wenyewe hatuuoni, tunakisia kutokana na mwenendo wa taa.

Sasa, kuna mtandao wa ubongo unaofanya kazi zaidi mtu anapotulia na kujiwazia mambo yake. Mwaka 2007 watafiti wa Stanford waliona kwamba kwa wagonjwa wa sonona, eneo dogo la ndani, upande wa mbele wa ubongo, limeungana na mtandao huo kupita kiasi. Lugha yetu inajua jambo hili: mtu "ana mawazo" tunamaanisha yanamzunguka hayamwachii. Lakini mwaka 2019 watafiti wa China waliunganisha takwimu za wagonjwa 1,300, wakaona kinyume: kwa wale ambao sonona huwarudia, muunganiko ndani ya mtandao huo ulikuwa umepungua, na hali hiyo ilihusiana na kutumia dawa. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema jambo hili limeshajulikana lote, mwambie apunguze mwendo.

Kuhusu wasiosikia dawa hasa, mwaka 2011 watafiti wengine wa China waliwalinganisha na wagonjwa waliosikia dawa. Makundi yote mawili yalikuwa na muunganiko uliopungua kuliko watu wazima wa afya. Ila kwa waliosikia dawa upungufu ulisambaa sehemu nyingi zaidi. Kwa wasiosikia, ulionekana hasa sehemu za mbele na talamasi, kituo cha kupitishia taarifa. Hili ndilo nililomsomea rafiki yangu mara mbili. Dawa kukataa hakuonyeshi kwamba ubongo wako umeharibika zaidi ya wa wengine. Huenda hitilafu iko kwenye laini nyingine.

3. Tahadhari

Hizo zote ni wastani wa makundi. Hakuna daktari anayeweza leo kuangalia picha yako moja ya MRI akasema hii ni sonona, na hii haitasikia dawa. Akitokea wa kukuuzia kipimo hicho, funga pochi yako.

4. Dallas na Houston zimo

Uchunguzi huu una matunda. Utafiti wa EMBARC, ulioongozwa na Madhukar Trivedi wa UT Southwestern, ulipima mawimbi ya umeme ya ubongo kabla ya dawa. Mwaka 2020 takwimu zake zilitumika kukisia nani atasaidiwa na sertraline. Huko Houston, kampuni ya Cyberonics ilitengeneza kifaa cha kuchochea neva ya vagasi shingoni, kikaruhusiwa kwa sonona ya aina hii mwaka 2005. Matibabu ya sumaku, yasiyohitaji upasuaji, yaliruhusiwa Marekani mwaka 2008. Mwaka 2022 ikaruhusiwa njia ya Stanford inayotumia ramani ya muunganiko wa mgonjwa mwenyewe kuchagua pa kulenga. Esketamine, dawa ya kupuliza puani, iliruhusiwa mwaka 2019. Kwa hiyo dawa ya pili siyo mwisho wa orodha.

5. Tufanye nini?

Kwanza, usiache dawa ghafla kwa sababu imegoma. Rudi kwa daktari umweleze dawa gani, kiwango gani, wiki ngapi. Muulize pia kama kuna ugonjwa mwingine, mfano wa tezi ya shingo, unaojificha nyuma yake. Pili, tiba ya mazungumzo nayo ni tiba, na vyuo vingi vina washauri, usione aibu. Tatu, ukianza kuwaza kujiua, piga 988 saa yoyote, au mwamshe mtu. Nne, sisi tulio pembeni tuache kusema "anadeka". Sala haina ugomvi na daktari.

Rafiki yangu ana miadi Ijumaa. Ameandika dawa zake zote kwenye karatasi, na mimi nitashuka na barabara ya 45 alhamisi usiku nikae naye. Somo la kutafuta kazi litakuja toleo lijalo, inshallah.

Wasalaam.