SOMO: KUANDAA KOMPYUTA KABLA YA WARSHA YA KONTENA ZA PROGRAMU

Mara nyingi programu ya hesabu hufanya kazi vizuri katika kompyuta ya chama kimoja, lakini ikipelekwa kwa chama jirani hukwama. Sababu ni kwamba kila programu hutegemea programu nyingine ndogo ndogo, nazo hutofautiana toka mashine hadi mashine. Kontena huondoa tofauti hizo: programu hufungwa pamoja na vyote inavyovihitaji, kama kahawa inavyofungwa ghalani ikafunguliwa ng'ambo. Chombo kinachotumika sana kwa kazi hiyo ni Docker, kilichotolewa kwa umma mwaka 2013.

Katibu au karani anayepelekwa kwenye warsha ya namna hii hapana budi afike na kompyuta iliyokwisha kuandaliwa, na maandalizi yaanzie kwenye kumbukumbu za chama. Kompyuta yenye daftari la mizani na malipo ya wanachama isiguswe mpaka nakala yake imewekwa katika diski ya nje, kisha nakala hiyo ifunguliwe katika mashine nyingine kuhakikisha kwamba inasomeka. Afadhali zaidi kamati itafute kompyuta nyingine kabisa. Si haki mkulima aliyekwisha kupimiwa pamba yake acheleweshewe fedha kwa kuwa karani alikwenda kujifunza.

Yanayofuata yanahusu kompyuta za Windows 11. Kumbukumbu ya kufanyia kazi yafaa iwe GB 8, na diski iwe na nafasi tupu isiyopungua GB 20. Kisha itazamwe kama mashine inaruhusiwa kuendesha mfumo mwingine ndani yake. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia sehemu ya utendaji, uchague prosesa. Mbele ya neno "Virtualization" pasomeke "Enabled". Pasiposomeka hivyo, ruhusa hiyo hutolewa katika ukurasa wa mipangilio unaofunguliwa mashine inapowashwa, kwa F2, F10 au Delete kufuatana na mtengenezaji.

Hapa pana mtego. Kompyuta nyingi za siku hizi hufunga diski kwa BitLocker, na mabadiliko katika ukurasa huo yaweza kuifanya mashine idai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Asiye nao hawezi kuyafikia mafaili yake, na hakuna fundi atakayeyafungua. Ufunguo huo uandikwe kwanza na kuhifadhiwa kwenye sefu ya chama.

Yakiwa tayari hayo, fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, andika "wsl --install", kisha uzime na kuwasha upya. Ndipo Docker Desktop iwekwe. Programu hii hutumika bila malipo katika shughuli yenye wafanyakazi chini ya 250 na mapato chini ya dola milioni 10 za Marekani kwa mwaka. Anayevuka kimojawapo hulipa. Chama cha msingi kwa kawaida kimo ndani ya mipaka hiyo. Chama kikuu chenye viwanda na maghala kitazame hesabu zake kwanza, kwani wafanyakazi wachache si kinga ikiwa mapato ni makubwa.

Jaribio ni kuandika "docker run hello-world". Ikijibu "Hello from Docker!", mashine iko tayari.

Limebaki suala la intaneti. Faili za mafunzo huwa kubwa, na makarani thelathini wakizivuta pamoja kwa laini moja, asubuhi yote huishia kwenye kungoja. Mwandaaji aombwe majina ya faili hizo mapema. Kompyuta moja tu izivute, izihifadhi katika flashi kwa amri ya "docker save", na wengine wazipokee kwa "docker load", mradi prosesa zao ni za jamii moja. Kazi hiyo yaweza kufanyika ofisini kwa chama kikuu siku moja kabla ya safari.