SOMO LA ROBO HII: Tafuta Chanzo cha Kelele Kabla ya Kununua Kifaa Kipya



Kamati ya mtaa wetu mmoja huko Sanje ilituletea barua ya maombi. Spika za kanisa zilikuwa zikivuma kila ibada, waliokaa nyuma hawakuyasikia mahubiri, na wazee walikuwa wamekubaliana kuwaomba wafadhili amplifaya mpya. Kabla ya kuipeleka barua hiyo mbele tulikwenda Sanje. Tulikwenda na mbinu ambayo wengi hawatarajii kuikuta kanisani, maana tuliipata kwa marubani wa ndege ndogo.

Kelele masikioni mwa rubani

Ndege ndogo si ngeni kwetu. Huduma ya madaktari wa ndege ya AMREF ilianza Afrika Mashariki mwaka 1957. Na kabla ya Daraja la Magufuli kufunguliwa mwaka 2018, aliyetaka kuvuka mto Kilombero kwa gari alitegemea kivuko, kwa hiyo wakati wa masika tulijua thamani ya ndege.

Ndani ya ndege ya injini moja, kama Cessna 206, ngurumo ni kubwa mno. Rubani huvaa hedseti, yaani vifaa vya masikioni vyenye kipaza sauti, ili asikie redio na abiria wake. Viwanja vingi vidogo havina mnara wa kuongozea ndege. Marubani wenyewe hutangaziana redioni mahali walipo. Mlio wa umeme ukifunika neno moja tu, rubani anaweza asijue kwamba mwenzake anakuja kutua kiwanja hicho hicho.

Rubani makini hakimbilii kununua hedseti mpya. Kwanza anasikiliza, kwa sababu kila chanzo kina sauti yake:

- Mlio mwembamba unaopanda injini inapoongezwa kasi na kushuka inapopunguzwa: mara nyingi ni alteneta, mashine inayochaji betri.
- Mgongano wa haraka unaofuata mwendo wa injini: huenda ni mfumo wa cheche za kuwashia mafuta.
- "Tik" inayorudi kwa mapigo sawasawa, pamoja na mmweko wa taa za mabawa: ni taa hizo.
- "Trrr, trrr" ya ghafla: ni simu ya abiria inayotafuta mtandao.
- Mchachariko unaokuja chaja ya simu ikichomekwa na kukoma ikichomolewa: ni chaja yenyewe. Chaja za bei rahisi huvuruga hata redio.

Hatua tano za kutafuta

1. *Badilisha kilicho rahisi.* Jaribu hedseti nyingine, kisha hedseti ile ile kwenye kiti kingine. Kelele ikihama na hedseti, kosa ni la hedseti. Ikibaki pale pale, kosa liko kwenye ndege.

2. *Tumia betri peke yake.* Ndege ikiwa chini na injini imezimwa, washa redio. Kelele ikiwa imekwisha, inatokana na injini au alteneta. Ikiwa bado ipo, inatokana na kifaa kingine kilichowashwa.

3. *Zima kimoja kimoja.* Ukizima vyote kwa pamoja kelele itaisha, lakini hutajua mkosaji ni yupi.

4. *Punguza sauti hadi mwisho.* Kelele ikipungua pamoja na sauti, inaingia kabla ya kitufe cha sauti. Ikibaki ilivyo, inaingia baada yake.

5. *Kagua nyaya na ethi.* Tundu la hedseti hutengwa na bati la ndege kwa vishikizo visivyopitisha umeme, ili waya wa ethi uungwe mahali pamoja tu. Ukiungwa mahali pawili, umeme huzunguka kati yake na kuleta mvumo.

Ndani ya ndege, rubani hutafuta na kuandika aliyoyaona. Kurekebisha ni kazi ya fundi wa ndege mwenye leseni.

Tulichokikuta Sanje

Kanisa lina paneli ya sola, betri, na inveta inayogeuza umeme wa betri kuwa wa kawaida. Amplifaya yao inaweza pia kutumia betri moja kwa moja. Tulifuata hatua zile zile, wazee wakiandika matokeo kwenye daftari.

Tulibadilisha maiki: kelele ikabaki. Tukazima inveta na kuiacha amplifaya itumie betri: kelele ikakoma kabisa. Tukawasha inveta tena, ikarudi. Tukashusha kitufe cha maiki: ikanyamaza. Basi kelele ilitoka kwenye inveta, na ilikuwa inaingia kwa njia ya maiki.

Tulipoufuata waya wa maiki ukutani, tulikuta umefungwa pamoja na waya wa inveta mita kadhaa, kwa nia njema, ili ukuta upendeze. Tena waya wa kinga unaozunguka waya wa maiki ulikuwa umekatika kwenye plagi. Kijana mmoja wa kwaya anayetengeneza redio aliulehemu pale pale. Waya wa maiki ukahamishiwa ukuta wa pili, na kamati ikakubaliana kwamba simu hazitachajiwa wakati wa ibada.

Kazi haikuisha yote. Kinanda bado kinavuma kidogo kikitumia inveta, na ethi inahitaji fundi umeme. Lakini Jumapili iliyofuata bibi anayekaa benchi la mwisho alisema amesikia somo lote. Barua ya kuomba amplifaya imeondolewa, na wazee wenyewe ndio waliotuomba tuirudishe.

Wafadhili wetu wanastahili kujua kwamba kilichoombwa kinahitajika kweli. Nazo sharika zinastahili kujua kwamba kuchelewesha ombi ili kuchunguza kwanza si kunyimwa. Amplifaya mpya ingefungwa kwenye nyaya zile zile, na ingevuma vile vile. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tahadhari: Msifungue amplifaya wala inveta wenyewe. Umeme hubaki ndani hata baada ya kuzimwa. Ninyi sikilizeni, zimeni kimoja kimoja na kuandika. Yaliyo ndani mwachieni fundi.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Ni kifaa gani cha usharika wetu tumekiita kibovu bila kujua chanzo cha tatizo?
2. Nani kati yetu, hasa vijana, ana ujuzi ambao hatujauomba?
3. Je, maombi yetu kwa wafadhili yanaeleza tulichokwisha kujaribu?