Dondoo Muhimu: Kufuatilia Dhoruba za Jua

• Fahamu madaraja ya milipuko ya jua: A, B, C, M na X. Kila daraja lina nguvu mara 10 ya lililotangulia.

• Mionzi ya mlipuko hufika duniani kwa dakika 8 hivi na kuvuruga redio za masafa mafupi kule kuliko mchana. Wingu la chembechembe, likirushwa, kwa kawaida huchukua siku 1 hadi 3. Hapo ndipo utabiri husaidia.

• Fuata kipimo cha nguvu za dhoruba, G1 hadi G5, kinachotolewa na kituo cha utabiri wa anga za juu cha shirika la NOAA, Marekani. Mei 2024 dhoruba ilifika G5.

• Mpima ardhi, ukisikia G4 au G5, ahirisha vipimo vya GPS vinavyodai usahihi wa sentimita.

• Usilikodolee jua macho matupu kamwe.