Mas'ala ya Kununua Zamu ya Mapumziko

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twasema: Tumeletewa katika darasa yetu swali na ndugu yetu mmoja, mkaazi wa Kibokoni, nasi tumeona tulijibu hapa kwa urefu, kwani tumesikia kuwa si yeye peke yake aliyefikwa na jambo hili katika mji wetu. Swali lake ni hili:

"Nilikuwa madukani na mke wangu, tukaambiwa tumeshinda malazi ya siku mbili bila ya malipo katika hoteli ya ufuoni, kwa sharti tuhudhurie kikao cha saa moja na nusu, mimi na yeye pamoja. Kikao kikawa cha saa nne. Mwisho wake nikatia saini mkataba wa kununua juma moja kila mwaka, kwa miaka 20, kwa bei ya shilingi 600,000, nikapewa nakala yangu, nami nikalipa shilingi 60,000 papo hapo. Fedha hizo nilikuwa nimeziweka kwa kutengeneza paa la nyumba ya mama, ambalo huvuja kila masika. Leo ni siku ya sita. Jee, biashara hii yajuzu katika dini? Na ikiwa yajuzu, niendelee nayo au niiwache?"

JAWABU. Swali hili kwa hakika ni maswali mawili, na wengi huyachanganya. La kwanza ni kuwa biashara hii ni halali au si halali. La pili ni kuwa ina maslaha au haina. Kitu huweza kuwa halali na kisha mwenye akili asikinunue; wala si uzuri kwa mtu kutafuta fatwa ya haramu ili imtoe katika jambo aliloingia kwa haraka yake, au kutafuta fatwa ya halali ili imtulize moyo. Tutayajibu moja moja.

Kwanza yatupasa tuujue mkataba wenyewe. Desturi hii, ambayo watu huiita taimushea, nasi tutaiita zamu ya mapumziko, ilianza Ulaya katika miaka ya 1960, katika milima ya Ufaransa na Uswisi, kisha ikaenea Marekani. Mwaka 1974 ikaundwa huko Marekani, katika mji wa Indianapolis, kampuni iitwayo RCI, ambayo kazi yake ni kuwabadilishia watu zamu zao, hata mwenye juma katika nchi moja akapata kwenda kupumzika katika nchi nyengine. Maana ya biashara hii ni kuwa nyumba moja ya mapumziko hugawanywa kwa majuma ya mwaka, na kila juma likauzwa kwa mtu wake.

Lakini jina ni moja na vinavyouzwa ni vitatu. Namna ya kwanza, mnunuzi hupewa hisa ya milki katika nyumba yenyewe, ikaandikwa kwa jina lake. Namna ya pili, hapewi milki yoyote, bali hupewa haki ya kukaa kwa muda wa miaka kadha, kisha haki hiyo ikesha. Namna ya tatu, hapewi nyumba inayojulikana wala juma linalojulikana, bali hupewa hesabu ya pointi, na kila mwaka akazitumia kutafuta mahali penye nafasi. Asiyejua amenunua ipi katika tatu hizi bado hajajua amenunua nini.

Ama hukumu ya namna ya kwanza, asili yake ni kufaa, wala si jambo geni kwetu. Nyumba ngapi katika Mji wa Kale ni za urithi, zina wenyewe saba au kumi, na wenyewe hao wamekubaliana huyu akae mwaka huu na yule akae mwaka ujao? Wanazuoni huliita jambo hili muhaya'a, yaani kugawana manufaa kwa zamu pamoja na kuibakisha milki ikiwa ya ushirika. Nao hutaja kuwa na asili katika kisa cha ngamia wa Nabii Salih, ambaye alikuwa na siku yake ya kunywa maji, na watu wakawa na siku yao.

Namna ya pili ni ijara, yaani kukodi. Hapa pana ikhtilafu ambayo yafaa tuijue sisi watu wa madhhab ya Imam Shafii. Katika madhhab yetu haijuzu kukodisha kitu maalumu kwa muda ambao haujafika, kama kumkodisha mtu nyumba leo kwa ajili ya mwaka ujao. Na madhahibu mengine yamelijuzisha. Hata hivyo, Imam Nawawi katika Minhaj ametaja kuwa yajuzu, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, watu wawili kumkodi mnyama mmoja wakampanda kwa zamu, huyu siku zake na huyu siku zake, maadamu sehemu ya kila mmoja imebainishwa. Na Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Jedda, katika kikao chake cha 18 kilichofanywa Putrajaya, Malaysia, mwaka 1428, nao ni 2007, iliitazama mas'ala hii hii ya zamu za mapumziko, ikakata kuwa yajuzu kununua hisa ya ushirika katika nyumba, au kukodi sehemu ya manufaa yanayojulikana kwa muda unaojulikana, na wenyewe wakagawana kwa zamu.

Basi tazama neno hili "kujulikana", kwani ndilo nguzo ya hukumu yote. Mtume (s.a.w.) amekataza biashara ya gharari, nayo ni ile ambayo mmoja wao hajui kwa hakika atapata nini. Nyumba ijulikane, juma lijulikane, muda ujulikane, na bei ijulikane. Ikiwa kampuni imejiwekea katika mkataba haki ya kubadilisha thamani ya pointi itakavyo, hata pointi zilizotosha juma zima mwaka huu zikatosha siku nne mwaka ujao, mnunuzi huyo ameuziwa mbuzi katika gunia. Hivyo namna ya tatu hatuwezi kuifutu kuwa yafaa mpaka mkataba wake usomwe neno kwa neno. Na katika namna zote tatu, ikiwa bei hulipwa kidogo kidogo kwa nyongeza ya riba, au pana nyongeza kwa mwenye kuchelewa kulipa, hiyo ni riba, wala jina zuri la mapumziko haliigeuzi.

Tumekwisha swali la kwanza. Sasa tuje kwenye maslaha, na hapa ndipo ndugu zetu wengi hudhurika.

Mithali yasema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Basi natufungue daftari. Ndugu yetu ametuonyesha mkataba wake, na ndani yake, mbali na zile 600,000, mna ada ya utunzaji ya kila mwaka, shilingi 35,000 kwa mwaka wa kwanza, na kampuni ina ruhusa ya kuipandisha. Katika kikao ada hii ilitajwa mara moja tu, tena upesi upesi. Tuseme, kwa mfano, kuwa yapanda tano katika mia kila mwaka. Mwaka wa ishirini itakuwa imefika kiasi cha shilingi 88,400, na jumla ya ada zote kwa miaka ishirini ni kiasi cha shilingi 1,157,000, karibu mara mbili ya bei yenyewe. Zijumlishe na zile 600,000, zitakuwa kiasi cha shilingi 1,757,000. Siku saba kwa miaka ishirini ni masiku 140. Basi kila usiku mmoja umemgharimu kiasi cha shilingi 12,550, na thuluthi ya fedha hizo amezitoa kabla ya kulala hata usiku mmoja.

Muuzaji atasema: "Na bei za hoteli nazo zitapanda." Neno hili ni kweli, hatulikanushi. Lakini mwenye kulipa hoteli usiku kwa usiku, mwaka asiokuwa na uwezo hukaa kwake na hadaiwi na mtu. Na huyu mwenye zamu hudaiwa ada, aende asiende. Tunakumbuka sote mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoingia, namna hoteli za pwani yetu zilivyofungwa na watu wakakatazwa kutoka Mombasa na kuingia. Mwaka kama ule, aliyezoea kukodi alibaki na fedha zake mfukoni. Mwenye mkataba wa zamu, la kwanza kutafuta ni kuwa mkataba wake wasema nini juu ya mwaka kama ule.

Tena mtu ajiulize: Nikitaka kutoka, nitatokea wapi? Nyumba huuzika, na shamba huuzika. Lakini zamu ya mapumziko ni shida kuuza, kwa kuwa mnunuzi mpya naye atakabiliwa na ada ile ile, na kampuni yenyewe ina majuma mengine ya kuuza. Huko Ulaya na Marekani watu wengi wameziuza zamu zao kwa sehemu ndogo tu ya bei waliyonunulia, na wako waliolipa fedha ili zipokewe tu. Kwa hivyo ambaye ameambiwa kuwa hiyo ni akiba ya watoto wake, na aulize kwanza kuwa watoto watarithi mali au watarithi deni.

Sisi watu wa Mombasa tuna funzo letu katika jambo hili, wala hatuna haja ya kulitafuta mbali. Wazee wetu waliijua nyumba bila kiwanja: mtu hujenga nyumba yake juu ya ardhi ya mwengine na akalipa kodi ya ardhi. Wako walioishi hivyo kwa salama miaka na miaka, na wako walioamka siku moja wakakuta ardhi imeuzwa, na nyumba yao wanaambiwa waibomoe. Makosa hayakuwa kujenga. Makosa yalikuwa kutouliza ardhi ni ya nani na kwa muda gani. Basi hili nalo liulizwe hapa: hiyo hoteli imesimama juu ya ardhi ya nani? Katiba ya mwaka 2010 haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi Kenya ila kwa kukodi, tena kwa muda usiozidi miaka 99. Na kampuni huhesabiwa ya raia pale tu inapokuwa yote ni ya raia. Ikiwa mkodi wa mwenye hoteli umebakisha miaka 12, atakuuziaje miaka 20? Jawabu ya haya haimo katika picha nzuri za bahari, bali imo katika ofisi ya ardhi, na upekuzi wake ni gharama ndogo.

Limebaki neno la kikao. Sharia yetu imempa mnunuzi hifadhi katika kikao cha kununua: maadamu hawajaachana, kila mmoja ana khiyari ya kurejea. Na ingawa wanazuoni wamekhitalifiana juu ya khiyari hii katika ijara, hikima yake ni moja, nayo ni kumpa mtu nafasi ya kufikiri. Tena yuko sahaba, Habban bin Munqidh, aliyekuwa akihadaiwa katika biashara, Mtume (s.a.w.) akamfundisha kusharutisha kuwa pasiwe na hadaa, na akampa khiyari ya siku tatu. Sasa tazama kikao cha saa nne, ambacho mtu huambiwa kuwa bei hii ni ya leo tu, na hapewi ruhusa ya kutoka na mkataba akamwonyeshe nduguye. Kile ambacho sharia imekifanya hifadhi, wao wamekifanya mtego. Biashara nzuri leo ni nzuri kesho pia; ile isiyoweza kungoja alfajiri yafaa kuogopwa.

Na serikali nayo imeliona jambo hili. Sheria ya Kenya ya kuwalinda watumiaji, ya mwaka 2012, imeitaja mikataba ya zamu kwa jina lake, ikataka iwe kwa maandishi na mnunuzi apewe nakala, na ikampa haki ya kuivunja bila ya kutoa sababu yoyote mpaka zitimie siku kumi tangu kupokea nakala hiyo. Wengi hawaijui haki hii, na siku kumi hupita upesi.

Kwa hivyo tulimwambia ndugu yetu hivi: Hatukuambii kuwa umefanya haramu, wala hatukukatazi kumpumzisha mkeo na watoto, kwani hilo ni katika wema. Lakini una siku nne. Nenda na wakili ukaulize mambo matatu: ninachonunua ni milki, ni kodi, au ni pointi? Ada ina mpaka au haina? Na nikitaka kutoka, mutanipokea kwa bei gani? Ukijibiwa kwa maandishi na ukaridhika, shauri ni lako. Usipojibiwa, andika barua kabla siku hazijesha, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokewa.

Alikwenda siku ya saba. La kwanza aliambiwa ni "kama milki"; la pili aliambiwa asihofu; la tatu halikujibiwa. Siku ya nane akaipeleka barua kwa mkono wake, na nakala yake akaileta darasani tukaiona.

Mwenye kutaka kumpumzisha ahali yake na aweke kidogo kidogo kila mwezi, au aingie mchezo na jamaa anaowaamini, kisha akodi nyumba Malindi au Lamu kwa siku azitakazo, akiwa hadaiwi na mtu. Na mwenye kuona bado kuwa zamu ya mapumziko yamfaa, na anunue baada ya kusoma, kuhesabu na kuuliza. Na kabla ya hayo yote aitazame nyumba ya mamake, kuwa ina paa au haina.

Wallahu a'alam.